Miche ya ndani chini ya taa: ukiona hivi, kagua hivi

Jirani yangu hapa Kiamunyi, Nakuru, alinibishia mlango saa moja asubuhi, Julai, shuka begani kwa sababu ya baridi na treyi ya nyanya mikononi. Miche ilikuwa na wiki tatu. Ukigeuza jani, upande wa chini ulikuwa zambarau kama ganda la biringanya.

“Dada, nimeweka busta, ile mbolea ya chupa, mara mbili na bado inazidi. Niweke ya tatu?”

“Usiweke kitu, mama. Hii treyi inalala wapi usiku?”

Ilikuwa inalala sakafuni, juu ya simiti tupu, kwenye chumba cha nyuma ambacho hakipati jua hata saa moja kwa siku. Ugonjwa wake ulikuwa huo. Nitaurudia mbele kidogo, kwa maana una mengi ya kueleza, lakini nimeanza nao kwa sababu karibu kila treyi ninayoletewa imepitia njia hiyo hiyo: mtu ameona dalili, akaongeza kitu. Maji, mbolea, dawa ya kunyunyiza. Mara nyingi mche haukuwa umepungukiwa na kitu chochote kinachouzwa kwenye chupa.

Mimi huotesha nyanya, hoho, sukuma na managu kidogo kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Sababu ni hali ya hewa yetu. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Mvua ya Machi ikija na mawe, kitalu cha nje husagwa kwa dakika kumi. Ndani, chini ya taa, naweza kuwa na miche iliyokomaa wiki ile ile ambayo shamba limelowa. Lakini ndani ya nyumba wewe ndiye jua, wewe ndiye mvua na wewe ndiye upepo, na kila kimoja kina namna yake ya kukosewa.

Kabla hujagusa kitu, kagua mambo matatu. Kwanza, jani lipi limeanza kuumwa: la chini lililozaliwa mapema, au la juu changa? Pili, inua treyi au mkebe usikie uzito wake. Uzito utakuambia hali ya maji kuliko rangi ya udongo wa juu. Tatu, dalili inaonekana saa ngapi, asubuhi baada ya baridi au jioni baada ya taa kuwaka kutwa? Ukishapata mshukiwa, badilisha jambo moja tu, kisha ngoja siku nne au tano. Jani lililoharibika halirudi kuwa zima. Angalia jani linalofuata.

Mbegu hazijaota

Nyanya ikipata joto la kutosha huchomoza kati ya siku ya 6 na ya 10. Hoho huchukua siku 8 hadi 14, na kwenye baridi inaweza kwenda wiki tatu ukakata tamaa ukaimwaga. Zote zinataka udongo wenye joto la nyuzi 25 hivi. Chini ya 15 mbegu hukaa tu, na ikikaa sana kwenye unyevu inaoza. Kumbuka ni joto la udongo ninalolisema. Chumba kinaweza kuwa na joto mchana huku treyi iliyokaa kwenye simiti ikiwa baridi kama maji ya mtungi. Mimi huweka treyi za mbegu juu ya friji hadi zichomoze, maana pale juu hakupoi.

Kosa la pili ni kufukia mbegu ya nyanya kama punje ya mahindi. Mahindi yana akiba kubwa tumboni, nyanya haina. Nusu sentimita hadi sentimita moja inatosha.

Ukiwa na shaka na mbegu yenyewe, usiilaumu bila kuipima. Kunja mbegu kumi ndani ya tishu yenye unyevu, weka kwenye kopo lenye kifuniko, kisha kopo juu ya friji. Siku ya kumi hesabu. Zikiota nane, mbegu ni nzima na tatizo ni kitalu chako. Zikiota tatu, rudi dukani na lile kopo.

Na kichwa kikishachomoza, mche uende chini ya taa siku hiyo hiyo. Siku mbili za giza juu ya friji zinatosha kuharibu shina ambalo halitarekebishika.

Miche imerefuka, myembamba, imelala upande mmoja

Hili ndilo kosa la karibu kila anayeanza, na chanzo chake ni macho yetu. Jicho la binadamu huzoea haraka. Chumba kikituonekania cheupe tunadhani na mche unaona weupe huo huo. Kwa laksi, kipimo cha mwanga unaoangukia mahali, sebule yenye taa ya kawaida huwa na 100 hadi 300. Nje saa sita mchana, jua la hapa karibu na ikweta hufika laksi 100,000. Mche wa nyanya unahitaji angalau laksi 10,000 hadi 15,000, kwa saa 14 hadi 16 kila siku. Sasa unaona ile balbu moja iliyoning’inia darini inafanya nini: inauonyesha mche mahali mwanga ulipo, na mche unanyoosha shingo kuufuata.

Unaweza kupima kwa programu ya laksi ya simu. Haiko sahihi kabisa, lakini inatosha kulinganisha pembe moja ya treyi na nyingine. Weka simu mahali majani yalipo, uso juu. Wanaofanya kazi kwenye nyumba za maua hupima kwa maikromoli, kipimo cha mwanga ambao mmea unaweza kuutumia. Kwa taa nyeupe za LED, gawanya laksi kwa 70 upate makadirio. Laksi 14,000 ni kama maikromoli 200, na hicho ni kiwango kizuri kwa mche.

Taa yenyewe haihitaji kuwa ya ajabu. Balbu nne za LED nyeupe za wati 9, kila moja ikitoa takriban lumeni 800, zikifungwa kwenye ubao juu ya treyi moja ya sentimita 54 kwa 28, zinafikisha kiwango hicho, ilimradi zishuke hadi sentimita 15 au 20 juu ya majani na pembeni kuwe na kitu cheupe cha kurudisha mwanga. Mimi nimetumia katoni zilizopakwa rangi nyeupe. Fundi wa stima wa mtaani alinifungia ubao huo kwa nusu siku. Ning’iniza ubao kwa kamba mbili unazoweza kufupisha, kwa sababu miche inapanda na taa nayo lazima ipande.

Kuhusu gharama: wati 36 kwa saa 16 ni kama uniti 0.58 kwa siku, yaani uniti 17 na kidogo kwa mwezi. Zidisha na bei unayonunulia tokeni, utajua kama treyi hiyo inajilipa.

Jihadhari na maandishi ya kwenye katoni ya taa. Utaona 1000W kwa herufi kubwa, na taa yenyewe inakula wati 100. Kuijua ni rahisi. Zima kila kitu nyumbani, andika uniti zilizobaki kwenye mita, washa taa hiyo peke yake kwa muda wa saa tano, andika tena. Taa ya wati 100 itakuwa imekula nusu uniti. Ya wati 1,000 kweli ingekula tano.

Wengine wakiona miche imerefuka huamua kuacha taa usiku kucha. Kwa nyanya hilo ni kosa. Nyanya ikikosa giza kabisa, majani yake hupata mabaka ya manjano na hudumaa. Ipe angalau saa sita hadi nane za kulala.

Miche iliyokwisha refuka unaweza kuiokoa ikiwa ni nyanya: hamishia kwenye mkebe mrefu zaidi na uzike shina hadi karibu na majani ya kwanza. Shina la nyanya hutoa mizizi mahali linapogusa udongo. Hoho usiifanyie hivyo kwa kutegemea matokeo yale yale. Haitoi mizizi ya shina kwa wepesi huo. Na pitisha kiganja polepole juu ya vichwa vya miche mara mbili tatu kwa siku, au weka feni ndogo inayoitikisa kidogo. Mche unaotikiswa hujenga shina fupi nene. Nje upepo ungefanya kazi hiyo.

Majani ya juu yamekuwa meupe au yamejikunja juu

Hapa taa iko karibu mno. Jani lililo karibu zaidi na balbu ndilo hupauka kwanza, yale ya chini yanabaki kijani. Weka mgongo wa mkono mahali majani yalipo, uhesabu hadi thelathini. Ukiona joto linakusumbua, na mche linausumbua. Lakini taa za LED zinaweza kupausha jani bila kuunguza mkono, kwa hiyo ukiona weupe juu tu, pandisha taa sentimita kumi hata kama mkono hausikii kitu.

Upande wa chini wa majani ni zambarau

Turudi kwa jirani yangu. Vitabu vitakuambia zambarau ni upungufu wa fosforasi, na ni kweli. Ila fosforasi kukosekana kwenye udongo ni jambo moja, na mizizi kushindwa kuichukua ni jambo jingine. Udongo ukipoa chini ya nyuzi 15 hivi, mizizi ya nyanya huzubaa, na fosforasi iliyo pale pale kando yake haipandi. Ukiongeza mbolea, unaongeza chumvi kwenye mizizi iliyolala. Jirani alikuwa amefanya hivyo mara mbili.

Tulichofanya ni hiki. Treyi tuliinua kutoka sakafuni tukaiweka kwenye rafu ya mbao, kimo cha kiuno. Chini yake tukalaza kipande cha katoni. Maji ya kumwagia, ambayo alikuwa akiyachota moja kwa moja kutoka tangi la nje asubuhi na mapema, tukayaingiza ndani kwenye ndoo jioni ili yapate joto la nyumba. Halafu tukabadilisha saa za taa, na hili ndilo ninalompendekezea kila mtu wa Nakuru, Njoro au Molo wakati wa baridi: washa taa saa kumi na mbili jioni, uzime saa nne asubuhi. Ni saa 16 zile zile, lakini joto dogo la taa linaangukia saa za baridi kali, na giza linaangukia mchana wakati chumba kina joto lake. Funga pazia mchana ili giza liwe giza.

Baada ya siku tisa majani mapya yalitoka kijani. Yale ya zamani yalibaki na zambarau yao mpaka yakaanguka. Hakununua chupa ya tatu.

Angalizo moja ambalo siwezi kulipitisha haraka. Usipashe chumba cha miche joto kwa jiko la makaa. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na watu hufa usingizini kwa jiko lililoachwa ndani ya chumba kilichofungwa. Ikiwa chumba cha miche ndicho chumba cha watoto kulala, lisikaribie hata mlangoni.

Mche umelala chini, shina limekatika usawa wa udongo

Jana ulikuwa mzima, leo umelala, na ukiangalia kwa karibu shina limebana pale linapotokea udongoni, limekuwa kahawia na laini kama uzi uliolowa. Hicho ni kinyausi. Husababishwa na vimelea vya udongoni kama Pythium na Rhizoctonia, navyo hupenda maji yaliyotuama, baridi na hewa isiyosogea. Mche ulioanguka hauamki tena. Ng’oa, na udongo wa shimo lake, utupe mbali na rafu.

Miche iliyobaki iokoe kwa kukausha. Acha kumwagia juu; weka treyi ndani ya beseni lenye maji ya kina cha vidole viwili, inywe kutoka chini kwa dakika ishirini, kisha itoe ichuje. Washa feni. Punguza msongamano: mche mmoja kila shimo, hata kama moyo unauma kung’oa.

Chanzo huwa ni udongo wa shambani uliotiwa moja kwa moja kwenye treyi, au treyi za msimu uliopita zisizooshwa. Mimi hutumia kokopiti (nyuzi za ganda la nazi zilizosagwa) iliyooshwa, nikichanganya na mboji iliyoiva vizuri na changarawe nyepesi ya volkano, ambayo huku kwetu si taabu kuipata. Treyi naziosha kwa sabuni, halafu naziloweka kwenye maji yenye jiki kidogo na kuzianika juani.

Majani yananing’inia

Kabla ya kushika kopo la maji, inua treyi.

Ikiwa nyepesi, ni kiu. Inyweshe, na ndani ya saa mbili itasimama. Ikiwa nzito na majani bado yananing’inia, mizizi imezama. Mizizi inahitaji hewa, na udongo uliojaa maji hauna hewa, kwa hiyo mche unakauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Anayeanza huona jani limelegea akaongeza maji, kesho limelegea zaidi akaongeza tena. Nimepoteza treyi nzima ya hoho kwa njia hiyo, miche 128, mwaka wangu wa kwanza, na nililia kwa sababu mbegu ilikuwa ya bei. Sasa simwagii kwa kalenda. Namwagia treyi inapokuwa nyepesi mkononi, iwe ni siku moja au nne.

Kuna sababu ya tatu ambayo watu wachache huifikiria. Majani ya nyanya yamepinda kuelekea chini, vikonyo vimeshuka kama mikono ya mtu aliyechoka, lakini jani lenyewe ni gumu, halijalegea, na treyi ina uzito wa kawaida. Tazama chumbani kuna nini. Ethilini, gesi inayoivisha matunda, ikiwa kidogo tu hewani huipinda nyanya hivyo. Hutoka kwenye moshi wa kitu kisichoungua vizuri, na hutoka kwenye ndizi zinazoiva. Mama mmoja wa Bahati alikuwa akivundika mkungu wa ndizi kwenye stoo ile ile ya miche. Ndizi zilihamishwa jikoni na nyanya zikanyooka wiki hiyo hiyo.

Majani ya manjano

Swali la kwanza: ni ya chini au ya juu?

Manjano yakianzia majani ya chini, ya zamani, na kupanda polepole, mche una njaa ya naitrojeni. Unaichota kwenye majani mazee kulisha machanga. Hii huja mche ukiwa na wiki tatu au nne kwenye kokopiti tupu, ambayo haina chakula. Anza kulisha jani la pili la kweli likifunguka (usihesabu yale mawili ya mwanzo yaliyotoka na mbegu), kwa mbolea ya maji iliyochanganywa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki.

Manjano yakianzia majani ya juu, machanga, huku mishipa ikibaki kijani kama ramani ya mito, hiyo ni njaa ya madini ya chuma. Na hapa Nakuru, mshukiwa wangu wa kwanza ni maji.

Maji ya visima virefu vya Bonde la Ufa yamepita kwenye miamba ya volkano. Tunayajua kwa floraidi yake, ile inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Floraidi huchoma ncha za mimea fulani ya mapambo, lakini manjano ya nyanya yako yanatokana zaidi na bikaboneti, chumvi ya jamii ya magadi, iliyo kwenye maji hayo hayo. Kila unapomwagia, bikaboneti inapandisha pH ya udongo wa treyi, yaani inaupunguzia uchachu. Shimo la treyi ni dogo, kijiko kimoja au viwili vya udongo, kwa hiyo halina uwezo wa kuhimili. pH ikipita 7, chuma kipo lakini kimefungika, mizizi haiwezi kukichukua. Nyanya na hoho hufurahia pH ya 5.8 hadi 6.8.

Usitegemee birika kukuambia. Ule ukoko mweupe wa birika huonyesha chokaa, na maji yetu mengi yana soda zaidi kuliko chokaa. Birika laweza kuwa safi na maji yakawa yaleyale ya kufunga chuma. Na kuchemsha hakuondoi floraidi. Jaribio ninaloliamini ni hili: panda treyi mbili za mbegu moja, udongo mmoja, taa moja. Moja uinyweshe maji ya kisima, nyingine maji ya mvua. Wiki tatu zinatosha. Nilipofanya hivyo, treyi ya kisima ilikuwa na vichwa vya rangi ya ndimu na ya mvua ilikuwa kijani kizito, na tangu siku ile mapipa mawili yako chini ya mabati yangu. Acha mvua ya dakika za kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ndipo ukinge. Miche inakunywa maji machache sana. Pipa la lita 200 linanifikisha mbali hata ukame ukikaza.

Ikiwa mvua hakuna, changanya nusu kwa nusu, na tafuta agroveti chuma cha kunyunyizia majani. Kitaupa mche nafuu, ila maji yasipobadilika utarudi dukani.

Ncha za majani zimeungua, udongo una unga mweupe

Mbolea imezidi. DAP ni mbolea ya shambani ya kupandia, si ya treyi. Punje tatu kando ya mzizi mchanga zinaunguza. Mbolea ya kuku ambayo haijaiva ni mbaya zaidi kwa sababu ya amonia, na ndani ya chumba utaisikia puani. Mwagia maji safi mengi ya mvua hadi yatiririke chini, acha ichuje kabisa, usilishe kwa siku kumi.

Vijinzi vyeusi, na utandu mwembamba

Vijinzi vidogo vinavyorukaruka juu ya udongo ukigusa treyi si mbu. Wakubwa hawana madhara makubwa, lakini mabuu wao hula vinyweleo vya mizizi. Wapo kwa sababu udongo wa juu haukauki. Uache ukauke sentimita moja kati ya kumwagia na kumwagia, na weka karatasi za njano zenye gundi.

Utitiri mwekundu ni jambo zito zaidi. Jani linakuwa na vidoa vidogo kama limechomwachomwa na sindano, na upande wa chini kuna utandu. Hupenda joto na ukavu, yaani chini kabisa ya taa. Futa upande wa chini wa majani kwa maji ya sabuni ya kipande, kila siku tatu, mara nne. Mche ulioshambuliwa sana uutoe nje ya chumba kabla haujaambukiza rafu nzima.

Umeme, taima na rangi ya taa

Stima ikipotea kwa saa kadhaa usihangaike, mche hautakufa. Ila taima ya kuzungusha kwa mkono husimama stima ikipotea na kuendelea pale ilipoishia, kwa hiyo baada ya kukatika mara tatu taa yako inawaka saa ambazo hukupanga. Irekebishe kila Jumapili.

Ekstensheni isikae sakafuni chini ya treyi. Ifunge ukutani juu ya kimo cha rafu, na waya ushuke kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili tone linalofuata waya lianguke badala ya kuingia kwenye plagi. Umeme wetu ni volti 240.

Taa za zambarau, zile za mchanganyiko wa nyekundu na bluu, zinaotesha, lakini mimi nimeziacha. Chini yake huwezi kuona manjano wala madoa. Kila jani linaonekana jeusi. Ugonjwa uliokaa wiki mbili unauona siku unayotoa treyi nje. Ikiwa unazo tayari, zizime na ukague miche kwa mwanga wa mchana kila asubuhi. Tena dirisha la zambarau usiku huwatia majirani wasiwasi. Kukuza bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na mtu asiyejua unachofanya atadhani ndicho hicho. Wakaribishe waone sukuma zako mapema. Wengi watanunua.

Miche mizuri inakufa siku ya kwanza nje

Umeilea wiki tano, shina nene, kijani kizuri. Unaitoa Jumamosi saa nne asubuhi kwenda shambani, na jioni majani ni meupe kama karatasi iliyolowa ikakauka. Mche haukuumwa. Umetoka kwenye laksi 14,000 ukaingizwa kwenye 100,000, na haujawahi kukutana na miale mikali ya jua letu wala upepo wa alasiri unaotoka upande wa ziwa.

Upe siku saba hadi kumi. Siku ya kwanza saa moja tu ya jua la asubuhi, kisha kivulini, kisha ndani. Kesho saa mbili. Siku ya nne iache nje chini ya shedi neti kutwa. Siku ya saba ilale nje, kama hakuna dalili ya baridi kali. Punguza maji kidogo siku hizo, usikatishe. Jani litabadilika kidogo mkononi. Litakuwa gumu, kijani chake kitakolea, na shina litapata wekundu hafifu kuanzia chini.

Jirani yangu alihamisha zake mwishoni mwa Agosti, saa kumi na moja jioni, udongo ukiwa na unyevu. Alikuwa amebaki na miche 91 kati ya 128. Kesho yake asubuhi alinipigia simu kabla sijaamka vizuri: “Dada, zote zimesimama.”